Wakili wa Ikulu na Fatwa ya Mateso

Ndugu zetu katika imani, inapotajwa jela ya Guantanamo, iliyofunguliwa Januari 2002, wengi wetu humlaani askari. Lakini askari alitanguliwa na mwanasheria.

Alberto Gonzales alizaliwa Texas mwaka 1955, katika familia ya vibarua wenye asili ya Meksiko. Akasoma sheria Harvard, akahitimu mwaka 1982, akawa wakili mjini Houston. Mwaka 1995 Gavana George Bush alimfanya mshauri wake wa sheria, kisha akamteua kuwa jaji, na mwaka 2001 akaingia naye Ikulu. Mtoto wa kibarua kupanda daraja si aibu. Balaa ni kupandishwa na mkono mmoja tu, kwani mwenye mkono huo siku moja hudai malipo yake.

Januari 2002 mshauri huyo alimwandikia Rais kwamba vita vipya vimeyafanya masharti ya Geneva kuhusu kuwahoji mateka yawe yamepitwa na wakati. Agosti mwaka huo huo alipelekewa waraka wa Wizara ya Sheria wenye kudai kuwa maumivu hayaitwi mateso mpaka yafikie ukali wa kuharibika kiungo cha ndani au wa mauti! Waraka ulipofichuka mwaka 2004 serikali iliufuta. Yeye mwaka 2005 akapewa cheo cha Mwanasheria Mkuu, na alipojiuzulu mwaka 2007 ilikuwa kwa kashfa nyingine kabisa.

Enyi mnaosoma sheria, ya dini au ya dola, mtazameni Imam Malik (Allah amrehemu). Alishikilia kuwa talaka ya aliyelazimishwa haipiti. Watawala wa Bani Abbas wakahofu, maana watu wangeuliza: na baia iliyochukuliwa kwa nguvu je? Akapigwa mijeledi Madina mpaka bega likateguka, na fatwa yake hakuibadili.

Tusidhani haya ni ya mbali. Mtanzania mmoja, mvuvi, alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akateswa katika jela ya siri ya CIA huko Afghanistan, akaachiwa mwaka 2008 bila shitaka lolote. Alipofungua kesi Marekani, walioshitakiwa ni wanasaikolojia wawili waliobuni mateso hayo, nao wakakubali suluhu mwaka 2017. Mawakili walioyahalalisha kwa kalamu hawakuwamo katika kesi hiyo.