Wanatuuzia "Bila Kikomo", Kisha Wanatuwekea Kikomo



Leo hatuna picha za magauni. Tuna donge rohoni, na tumeona tulitoe hapa kwa sababu linawahusu nyinyi mnaotutumia vipimo kwa simu kila wiki.

Kwa wasiotujua, sisi ni mafundi wanne wa kike. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Unguja, ndoa ikamleta Igawa, wilaya ya Mbarali, kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, katika nchi ya mpunga. Tunashona mashela, magauni ya nikah na mabaibui, na wateja wetu wengi wako visiwani. Hawawezi kuja kupimwa huku. Tunawaonesha kitambaa kwa video, wanatuelekeza, tunakata. Kwa hiyo duka letu si cherehani peke yake, ni na ile ruta iliyo juu ya kabati.

Mwezi wa Shaaban uliopita, na mnajua Shaaban ilivyo kwa harusi, tulilipia intaneti ya mwezi mzima. Tangazo lilisema "bila kikomo". Tulilipa mapema, hatukukopa hata shilingi. Tarehe 19 tukiwa na bi harusi na mama yake kwenye video, wanachagua lesi ya mikono, picha ikaganda. Tukazima ruta, tukaiwasha. Wapi! Tukapiga simu kwa kampuni. Kijana akatujibu kwa adabu nzuri tu: "Dada, mmefikia kiwango cha matumizi ya haki, spidi imeshushwa mpaka mwezi uishe."

Kiwango gani? Nani alituambia? Akatutajia ukurasa wa masharti. Tulipoutafuta, kwa spidi ile waliyotuachia, ulichukua dakika kadhaa kufunguka.

Kilichofuata ni kwamba mikono ya gauni lile tuliikata kwa kusikiliza ujumbe wa sauti. Yeye alisema lesi ya maua madogo, sisi tukaelewa ile nyingine. Ikabidi tufumue, tununue lesi upya kwa fedha zetu, tukeshe siku mbili. Mzigo ulipanda basi hadi Dar es Salaam, ukavuka kwa boti, ukamfikia bi harusi asubuhi ya nikah yake. Alhamdulillah alivaa. Lakini machozi ya mama yule kwenye simu bado tunayo masikioni.

Sasa tuseme wazi. Kuuza kitu kwa jina la "bila kikomo" huku umekiwekea kikomo ni kupunja. Hakuna jina jingine. Sisi si masheikh na hatutoi fatwa, lakini hata mtoto wa madrasa anajua kuna sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunguza vipimo. Na sote tumefundishwa kisa cha Mtume, rehma na amani zimshukie, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta chini imelowa na juu kavu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Dada zetu, "bila kikomo" kwa herufi kubwa ndiyo ile nafaka kavu. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" kwa herufi ndogo chini ya tangazo ndiyo iliyolowa.

Tunajua watakavyojitetea. Watasema mtandao ni wa watu wote, wachache wakitumia sana wanawamalizia wengine. Hoja hiyo inasikika vizuri mpaka uishi huku kwetu. Mkulima wa mpunga Usangu anajua maana ya kugawana mfereji. Maji yakipungua, watu hupeana zamu ili kila jaruba lipate. Ila hakuna anayemwambia jirani, "Wewe tangu mwezi uanze umeshachota ndoo zako, funga," wakati maji yanapita mbele yake na kumwagika. Mtandao hujaa kwa saa. Jioni watu wakirudi majumbani unalemewa, usiku wa manane unabaki mtupu. Fundi anayetuma video saa nane za usiku hamchukulii mtu chochote, lakini kikomo cha mwezi kinamhesabia sawasawa na anayetazama saa mbili za usiku. Kama shida ni msongamano, punguzeni spidi kidogo kwa wote saa ile ya msongamano, kisha rudisheni. Mkimfungia mtu siku kumi na moja mfululizo, mnamsukuma anunue kifurushi cha juu zaidi.

Na upungufu wa kweli tunaujua. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima ilihangaika. Ule ulikuwa ukame, tukasubiri kwa subira. Hiki cha tarehe 19 si ukame, ni mtu kufunga lango la mfereji.

Mnataka ushahidi kwamba kikomo si lazima? Machi 2020, korona ilipowafungia watu majumbani Marekani, kampuni kubwa za Comcast na AT&T zilisitisha vikomo vyao vya intaneti ya nyumbani. Ndicho kipindi watu walichotumia mtandao kuliko wakati wowote kabla yake, kazi, shule, kila kitu, na mtandao haukuanguka. Kama kikomo kingekuwa ndiyo nguzo ya nyumba, nyumba ingeanguka siku ile.

Jirani zetu Kenya nao wana somo. Mwaka 2020 Safaricom iliweka kikomo kwenye intaneti ya majumbani, GB 500 kwa mwezi kwa vifurushi vya chini na GB 1,000 kwa vya juu, ukivuka spidi inashushwa. Hatukipendi hata hicho, ila namba ilitajwa. Mteja anajua ananunua mita ngapi. Na kampuni hiyohiyo Oktoba 2019 ilianza kuuza vifurushi visivyo na muda wa kuisha.

Hapo tugusie na bando za simu, maana ni ndugu wa jambo hili. Mteja akituletea mita tano na gauni likala nne, ile inayobaki tunaikunja na kumrudishia. Kitambaa kinachobaki ni cha mwenyewe. Fundi anayekificha tunamwita mwizi. Sasa mbona GB zetu tulizolipia zikifika saa sita za usiku zinakuwa mali ya muuzaji? Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni mfuko wa mama wa nyumbani anayenunua bando la siku kwa sababu la mwezi halimudu.

Kuna dada atasema, "Lakini kikomo kinatusaidia, watoto wanakesha kwenye tamthilia, huo ni ufujaji." Ufujaji ni kweli haufai, na tunakubali. Ila malezi ni kazi yetu, hatujaikabidhi kampuni. Kikomo hakiulizi ulikuwa unatazama nini. Kinamkata anayetazama tamthilia na kinamkata binti anayesomeshwa hifdhi na ustadha wake kwa video, saa ileile.

Kelele zetu si bure. Aprili 2, 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza na watu wakalalamika nchi nzima, Serikali ilizisitisha mara moja. Na kanuni zilizotangazwa na TCRA wakati ule ziliwataka watoa huduma wamjulishe mteja matumizi ya kifurushi yakifika asilimia 75 na yakifika 100. Hiyo ni nzuri. Tunataka ifike na kwenye ruta za nyumbani na madukani.

Madai yetu ni matatu. Kwanza, neno "bila kikomo" liwe bila kikomo, mtuuzie kwa spidi na kila mmoja alipie spidi anayoiweza. Pili, mkishindwa, andikeni namba ya GB palepale kwenye bei, kwa herufi kubwa ileile. Tatu, kinachobaki kiwe cha aliyekilipia.

Na nyinyi dada zetu, hasa wenye biashara za hina, udi, keki na nguo, kabla hamjalipa ulizeni: "Nikitumia GB ngapi mtanishushia spidi?" Mtakeni muuzaji ajibu kwa maandishi. Mkipunjwa, lalamikeni kwanza kwa kampuni yenyewe, chukueni namba ya lalamiko, na wasipowasikia pelekeni TCRA. Mali bila daftari huisha bila habari, basi wekeni risiti na picha ya tangazo.

Sisi tumeanza kwa nafsi zetu. Ukutani pale dukani tumebandika karatasi: mita ulizoleta, mita zilizotumika, mita unazorudishiwa. Bi harusi yeyote anaweza kutukagua. Anayetuuzia intaneti naye abandike yake.