Ekari Moja, Hesabu Mbili: Mahindi ya Mama na Siasa Yetu

Wapambanaji wenzangu, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Najua ndizo mada zinazochangamsha watu hapa. Leo naandika kuhusu mahindi, na naomba msikimbie.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, na ni mtoto wa mkulima wa Mbozi, mkoani Songwe. Mwaka juzi niliahirisha masomo mwaka mzima. Sikufeli. Mkopo ulilipa nusu ya ada, nusu nyingine ilikuwa shambani kwa mama, na shamba halikulipa. Nikarudi nyumbani nikashika jembe. Jioni moja nikamwomba mama daftari lake, maana anaandika kila senti.

Ekari moja ilimgharimu hivi: kulimisha 60,000, mbegu 70,000, mfuko mmoja wa DAP 70,000, mifuko miwili ya urea 140,000, palizi mbili 80,000, kuvuna, kupukuchua na kusafirisha 80,000. Jumla shilingi 500,000. Akapata magunia 12 ya kilo mia, akauza 40,000 kila moja. Shilingi 480,000. Yaani mama yangu alilima ekari tatu, akaamka alfajiri msimu mzima, halafu akamlipa mlaji wa mjini 20,000 kwa kila ekari. Na nguvu zake mwenyewe hakuziandika popote.

Nilipouliza tatizo ni nini, akasema, "Mwanangu, mbolea inachelewa na jua linakatisha." Sentensi fupi, lakini ina mambo mawili makubwa ndani yake.

Msimu ule wakala tuliyemtegemea hakuwa na urea ya kutosha. Tulipata nusu mfuko tu kwa wakati. Tukaamua nusu mfuko ule wote uende robo ekari, na robo ekari hiyo tuiwekee matandazo. Mabua ya msimu uliopita tulikuwa tumeyalinda kwa miiba ng'ombe wasiyale, tukaongeza nyasi zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu. Baada ya palizi ya kwanza tukatandaza katikati ya mistari, tukiacha nafasi kidogo kwenye shina. Mahindi yalipofika magotini tukaweka urea pembeni ya mmea, chini ya matandazo, na kuifukia kwa udongo.

Kufukia kuna sababu. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za chakula halisi cha mmea. Ukiimwaga juu ya ardhi au juu ya nyasi, sehemu yake inageuka gesi na kupaa. Pesa yako inaruka hivyo hivyo unaitazama. Na ukiyachanganya mabua makavu ndani ya udongo, vijidudu vinavyoyaozesha vinakula kwanza naitrojeni, mahindi yanabaki ya njano. Ndiyo maana tunayaacha juu.

Februari jua liliwaka wiki mbili mfululizo. Kwenye robo ekari, ukifunua nyasi udongo ulikuwa na unyevu. Kwingine majani yalijikunja kama sigara. Urea ya sehemu iliyobaki ilikuja mahindi yakianza kutoa mbelewele, wakati mmea ulikuwa umeshaamua utazaa kiasi gani.

Robo ekari ilitoa magunia manne na nusu. Kwa ekari hiyo ni magunia 18. Kwingine tulipata wastani wa 12, kama kawaida. Na gharama haikupanda: kazi ya kutandaza tuliipigia hesabu ya 40,000 kwa ekari, ambayo ndiyo bei ya palizi ya pili tuliyoiokoa, maana magugu yalifunikwa.

Sitaki kuwadanganya. Hiyo ni robo ekari moja, msimu mmoja, na siwezi kutenganisha kazi ya matandazo na kazi ya mbolea iliyofika mapema. Pia mabua ya ekari nzima yalitosha robo ekari tu. Ukiwa na mchwa wengi, au mabua yako yalijaa viwavi, tumia nyasi au mabaki ya maharage. Na kama udongo wako una tindikali, kama ulivyo sehemu nyingi za nyanda za juu kusini, pima kwanza, maana DAP ya kila mwaka inaongeza tindikali na huenda unahitaji chokaa kabla ya mfuko mwingine. Lakini somo lilibaki pale pale: mbolea inataka maji, na matandazo ndiyo yanayoyatunza.

Sasa rudini kwenye hesabu. Magunia 18 kwa 40,000 ni 720,000. Magunia 12 kwa 60,000 ni 720,000 vilevile. Faida ya 220,000 kwa ekari inaweza kutoka shambani au inaweza kutoka sokoni. Shambani mama anaweza kupambana mwenyewe. Sokoni hawezi, na hapo ndipo siasa inapoingia.

Kutoka kwetu hadi Tunduma, mpakani na Zambia, si safari. Lakini mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, kama ilivyowahi kufanya mwaka 2011. Bei ikaporomoka, na watu wa Songwe, Rukwa na Ruvuma wanakumbuka mahindi yaliyobaki ndani hadi yakaliwa na dumuzi. Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kulindiwa mali yake. Wakili wa serikali atasema kuzuia kuuza si kunyang'anya. Sawa, hoja hiyo ipo. Lakini mahindi usiyoweza kuyauza kwa anayelipa vizuri ni mali gani hasa?

Hoja ya njaa siipuuzi. Nchi lazima ile. Ila kama taifa linataka mahindi ya mama yabaki ndani, limnunulie kupitia NFRA kwa bei ya haki na limlipe kwa wakati. Mzigo wa usalama wa chakula usibebwe na mwanamke wa ekari tatu peke yake.

Na tusiwe wapinzani wa kupinga kila kitu. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 ilishusha bei, na mama ana namba yake ya usajili. Tunachodai ni kwamba ruzuku ifike kijijini kabla ya mvua, sio baada ya mbelewele. Tunadai afisa ugani anayeonekana. Tunadai zuio lolote la mauzo lipitie Bungeni, liwe na mwisho unaojulikana, na liambatane na ununuzi.

Lakini kuna kazi ambayo haisubiri tushike dola. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Nendeni mkapendekeze sheria ndogo ya kuzuia kuchoma mabua na kuachia ng'ombe kwenye mashamba ya watu baada ya mavuno. Kaeni na wafugaji kwanza muelewane sehemu ya malisho, maana nao ni wapiga kura na ni ndugu zetu. Halafu kila mmoja amsaidie mzazi wake kufungua daftari. Siku mgombea wetu atakapokuja kijijini, asikute watu wa kupiga makofi tu. Akute hesabu.

Mimi nimerudi chuoni. Mama msimu huu ametandaza ekari nzima, na jana alinipigia simu: mvua imeanza, urea bado haijafika.