Fedha Zikikatwa Nairobi, Nani Hulipa Kajiado?



Kila mara Hazina ikitangaza ya kwamba matumizi ya Serikali yamepunguzwa, magazeti huandika mabilioni, na mabilioni hayo humpita msomaji kama gari moshi lisilosimama stesheni yake. Sisi twataka kuyafuata mpaka Kajiado mjini na Kitengela, tuone yanaangukia mlango wa nani.

Habari yenyewe twaijua. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia barabarani nchi nzima, wa Kitengela wakiwemo, kuupinga Mswada wa Fedha. Wengine hawakurudi kwao. Kesho yake Rais akasema hautii sahihi, na kwa kuwa kodi zimekataliwa, basi matumizi yatakatwa. Sheria iliyokwisha pitishwa ilizipa kaunti zote shilingi bilioni 400.1 kwa mwaka wa 2024/25. Hazina ikataka zishushwe mpaka bilioni 380. Wabunge na Maseneta wakavutana, na ulipofika Desemba ndipo mambo yakatulia kwenye bilioni 387.4. Nusu ya mwaka wa fedha ilikuwa imekwenda. Mwaka uliofuata zilipandishwa kuwa bilioni 415, lakini deni la dukani la mwaka uliopita halingoji makadirio mapya.

Mji wa Kajiado hauna viwanda vya kuajiri maelfu. Una ofisi za kaunti, hospitali ya rufaa, mahakama, shule, biashara ya ng'ombe na barabara ya Namanga. Kwa hiyo mshahara wa karani, wa nesi, wa dereva na wa mfagiaji ndio biashara ya mji. Ukichelewa mwezi mmoja, mwenye duka hufungua daftari la madeni. Ukichelewa miezi miwili hulifunga, maana naye adaiwa na mwenye lori la unga. Mama wa mboga hurudi nyumbani na sukuma wiki iliyonyauka. Mwenye nyumba aliyejenga kwa mkopo wa benki huanza kubisha milango usiku. Hawa wote hawamo katika orodha ya mishahara ya Serikali, lakini wamekatwa. Wafugaji nao, ambao zamani wangeuza fahali mmoja kuuokoa mji, walimaliza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2022.

Kitengela ni jambo jingine. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta mji huo una watu zaidi ya 150,000, na wengi wao huamka alfajiri kwenda Athi River, kwenye viwanda vya nguo na vya saruji, au Nairobi. Mtu aweza kusema ya kwamba hao hawalipwi na kaunti, basi haliwahusu. Lawahusu sana. Mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bwana John Mbadi, aliwaambia Wabunge ya kwamba mwanafunzi wa sekondari aliyeahidiwa shilingi 22,244 kwa mwaka anapata 16,900 tu. Baadaye Serikali ikasema elimu bila malipo haiondolewi. Sawa, lakini shilingi 5,344 zilizopungua, nani azitoe? Mwalimu mkuu hana mti wa pesa. Humwandikia mzazi barua. Mshona nguo mwenye watoto wawili aongeze shilingi 10,688, na mshahara wake umekwisha katwa asilimia 1.5 ya nyumba, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya afya. Akifika hospitali akaambiwa dawa hakuna, hununua kwa duka la dawa ng'ambo ya barabara. Huku si kupunguza matumizi. Ni kuyahamisha kutoka Hazina mpaka mfuko wa mfanya kazi.

Twaambiwa, "Mlikataa kodi, sasa mwalia nini?" Twajibu ya kwamba mwenye kisu ndiye achaguaye pa kukata. Safari, magari na marupurupu ya wakubwa hukatwa kwa maneno, na mishahara ya wadogo hukatwa kweli. Hata bila kumfukuza mtu, hila ipo. Kanuni za fedha za 2015 zasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Mapato yakishuka, fungu la mishahara huonekana limepanda ingawa hakuna aliyeongezwa hata senti, na kibarua wa miaka mingi huambiwa sheria hairuhusu kumwandika kazi ya kudumu.

Sheria hiyo hiyo ina upande mwingine. Katiba, kifungu cha 219, yataka fedha za kaunti zipelekwe bila kucheleweshwa ovyo. Twadai hilo litimizwe, na fedha zikifika, mishahara itangulie kabla ya safari.

Makadirio ya kaunti hufikishwa mbele ya Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi wana haki ya kusikilizwa. Mikutano hiyo mara nyingi hujaa wazee wa kuitwa na soda. Makatibu wa matawi ya Kajiado na Kitengela waandike kila mwezi ambao mshahara ulichelewa na kwa siku ngapi, kila kibarua na miaka aliyofanya kazi, na kila barua ya shule iliyodai nyongeza. Karatasi hizo ziletwe ofisini kwa chama mapema, zipigwe chapa, tuingie nazo mkutanoni.