Darasa la Tovuti Lianze na Alif, Lisianze na Mapambo



Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, nina neno kuhusu darasa la kutengeneza tovuti tunalotaka kulifungua hapa Buyenzi wakati wa likizo. Katika kikao cha Ijumaa wengi mlisema tulipie programu za violezo vilivyo tayari: mtoto aburute picha, abandike maneno, na baada ya wiki mbili tugawe vyeti. Mimi napinga. Napinga kwa sababu niliwahi kufanya hivyo hivyo.

Mwaka juzi nilifundisha vijana 12 kwa njia hiyo. Kurasa zilipendeza, wazazi mkafurahi. Malipo yalipokwisha, kampuni ikazifunga. Hakuna kijana aliyekuwa na faili mkononi, wala aliyeweza kuandika mstari mmoja peke yake. Je, tuliwapa elimu au tuliwakodishia? Hata Yahoo ilipoifunga GeoCities mwaka 2009, asiyekuwa na nakala ya kurasa zake alibaki kuzitafuta kwa watu.

Nani kati yenu anampa mtoto msahafu kabla hajajua alif na ba? Alif na ba za tovuti ni HTML, na haiuzwi. Tim Berners-Lee aliibuni pale CERN, Uswisi, na mwaka 1993 CERN ikaiachia teknolojia ya wavuti itumiwe na kila mtu bila malipo. Unaiandika kwa programu ya maandishi matupu iliyomo ndani ya kompyuta, unahifadhi faili, unaifungua kwenye brauza. Intaneti haihitajiki. Umeme ukikatika, wataendelea kwenye daftari. Ukirudi, wataona makosa yao wenyewe.

Wataanza na kichwa, aya, kiungo na picha, pamoja na maneno ya kumwelezea picha asiyeona. Kisha wataandika Surat al-Ikhlas kwa Kiarabu, na tafsiri ya Kiswahili chini yake. Hapo wataona Kiarabu kimeegemea kushoto na alama ya mwisho imerukia upande usio wake. Hilo ndilo somo ninalolisubiri! Nitawaonyesha kuandika dir="rtl" na lang="ar", na kuhifadhi faili kwa UTF-8 ili herufi zisivurugike. Rangi na mapambo, yaani CSS, baadaye.

Mtasema, "Ustadh, mafundi wa leo wanatumia violezo, na akili bandia inaandika ukurasa mzima kwa sekunde." Kweli. Lakini ikikosea, nani atajua? Fundi cherehani ana mashine, ila kukata kitambaa alijifunza kwanza.

Basi mchango wetu usiende kwenye violezo. Tununue kompyuta mbili zilizotumika, ili mabinti wa zamu ya asubuhi wasikae watano kwenye moja. Na cheti apewe atakayeandika ukurasa mbele yetu, kuanzia mstari wa kwanza.

Tunakutana tena Ijumaa baada ya Alasiri. Anayetaka violezo aje na hoja zake. Mimi nitakuja na daftari.

Wabillahi tawfiq.