Jangwa Halikustawi kwa Baraka

Ndugu msomaji, kuna sentensi moja ambayo nimechoka kuisikia. Husemwa kanisani, husemwa kwenye semina za wakulima, husemwa hata vilabuni hapa Sumbawanga: "Waisraeli wanalima jangwani, wanashiba na kuuza nje. Ninyi Wafipa mna mvua na mna ardhi, mbona maskini?" Msemaji akishaitoa hunyamaza kidogo, akingoja wasikilizaji wainamishe vichwa. Nao huinamisha kweli. Kisha hutoa dawa yake. Mmoja atasema tumepungukiwa na baraka. Mwingine atasema tumepungukiwa na bidii. Wa tatu, ambaye kwa kawaida amekuja na gari la ofisi, atasema dawa ni kupeleka vijana Israeli wakachukue ujuzi.

Mimi ni mmoja wa vijana hao waliopelekwa. Nilikaa kule miezi kumi na moja, katika bonde la Arava, kusini mwa Bahari ya Chumvi, nikipogoa na kuchuma pilipili hoho. Basi naomba nami nipewe nafasi ya kuijibu sentensi hiyo. Jibu langu ni hili: jangwa lile halikustawi kwa baraka, wala kwa bidii peke yake, wala kwa siri ambayo kijana wa Laela anaweza kuifunga katika begi na kurudi nayo. Limestawi kwa sababu nyuma ya mkulima wa kule wamesimama watu: mwenye kumletea maji, mwenye kumfanyia utafiti, chama chake, na mnunuzi. Nyuma ya mkulima wa Ufipa amesimama dalali na gunia la lumbesa.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo muujiza unaohubiriwa sana. Arava hupata mvua isiyofika milimita 50 kwa mwaka. Uwanda wetu wa Ufipa hupata zaidi ya 800. Wiki moja nzuri ya Januari hapa kwetu inaweza kushusha mvua kuliko mwaka mzima kule. Ni kweli pia kwamba kule kila mche una tundu lake kwenye mpira, na kwamba maji na mbolea hutoka tone kwa tone, kwa saa iliyopangwa. Umwagiliaji huo wa matone ulianza kutengenezwa kibiashara mwaka 1965 katika kibutzi cha Hatzerim, kwa fikra za mhandisi Simcha Blass. Ni kazi nzuri, nami naiheshimu. Lakini niliielewa yote kwa wiki tatu. Si siri. Mipira hiyo inauzwa hata hapa nchini, na mwenye fedha ataifunga shambani kwake kesho asubuhi.

Kilichonishangaza hakikuwa mpira. Kilichonishangaza ni kilicho nyuma ya mpira. Sheria yao ya maji ya mwaka 1959 inasema maji yote ni mali ya umma: ya mto, ya kisima, hata ya mvua. Ardhi yao, kiasi cha asilimia 93, iko mikononi mwa umma, mkulima hukodishwa. Kijiji nilichoishi kilikuwa moshavu, yaani kijiji ambamo kila familia ina shamba lake lakini huduma nyingi ni za ushirika. Si mbali na hapo kuna kituo cha utafiti, Yair, ambacho kazi yake ni matatizo ya bonde lile tu: udongo wake, chumvi ya visima vyake, wadudu wake. Mkulima akiona jani limekunjamana asubuhi, mchana amekwisha kumwonyesha mtaalamu. Hoho zikichumwa, zinakwenda kituo cha kufungashia, zinapimwa kwa mizani ambayo kila mtu anaiona, na lori linaondoka.

Na hata pamoja na hayo yote, mwenye shamba wangu alikuwa mtu wa mashaka. Bei ya hoho ilikuwa imeshuka, deni lilikuwa limepanda, na majirani zake wawili walikuwa wameacha kilimo. Jioni moja aliniambia kwamba hajui kama mwanawe atalima. Nilimsikiliza nikakumbuka wazee wa Nkasi wanavyoongea wakati wa mavuno. Haikuwa sauti ya mtu wa muujiza. Ilikuwa sauti ya mkulima.

Tena kuna mikono. Wahubiri wetu hawaitaji hii, labda kwa sababu watalii wa hija hawapelekwi kwenye vitalu nyumba. Waliochuma hoho zile hawakuwa Waisraeli. Walikuwa Wathai, watu wa vijiji vya mpunga, walioacha wake na watoto kwa miaka kadhaa. Wao ndio walionifundisha kushika mkasi bila kuujeruhi mmea. Tofauti kati yao na sisi ilikuwa kwamba wao waliitwa wafanyakazi, na sisi tuliitwa wanafunzi. Darasani tuliingia siku moja kwa wiki. Siku zilizobaki tulikuwa pale walipokuwa Wathai, kuanzia alfajiri, tukifanya kazi ileile. Malipo tulipata, na kutoka humo tukakatwa ada, nauli ya ndege na pango. Mkataba niliotia sahihi haukuwa na neno moja la Kiswahili.

Sisemi niliibiwa. Nilirudi na fedha za kutosha kuezeka nyumba ya mama kwa bati na kununua pikipiki, na wapo waliorudi na zaidi. Kijana akitaka kwenda kufanya kazi ya mikono ughaibuni aende, ni haki yake, na hakuna aibu katika jasho. Ninachokataa ni jina. Tukiita kazi kuwa ni masomo, hakuna anayeuliza saa za kazi ni ngapi, bima ni ipi, na kijana analindwa na nani. Mzazi huambiwa mwanao yuko chuoni, naye huacha kuuliza.

Tarehe 7 Oktoba 2023 iliwalazimisha wazazi kuuliza. Wapiganaji wa Hamas walipovamia kutoka Gaza, miongoni mwa waliouawa walikuwemo vijana wawili Watanzania, wote wakiwa kwenye mafunzo ya kilimo: mmoja mwenyeji wa Rombo aliyekuwa kibutzi cha Nir Oz, mwingine wa Simanjiro aliyekuwa Nahal Oz. Walikuwa wamefika Septemba. Mwili wa yule wa pili ulishikiliwa Gaza kwa zaidi ya miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025. Wathai nao waliuawa na kutekwa kwa makumi. Na vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya watu wa Gaza, watoto wengi miongoni mwao. Waliowaua vijana wetu ndio wenye hatia ya damu yao, na hilo lisipunguzwe hata chembe. Lakini bado naruhusiwa kuuliza: nani alimwambia mzazi wa Simanjiro kwamba kibutzi kile kiko karibu na uzio wa Gaza? Neno "Nchi Takatifu" ni zito sana, ndugu msomaji. Linaweza kufunika ramani.

Hapa nimlete kijana mwingine, kwa maana yeye ndiye aliyenifundisha maana ya neno hilo. Alikuwa Myahudi wa Kanada, umri wangu, aliyekuja kujitolea pale kijijini kwa miezi minne. Tulifanya kazi mstari mmoja. Babu zake walitoka Lithuania, na wengi wa ukoo huo waliuawa katika maangamizi ya Wayahudi huko Ulaya. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kufika Israeli, lakini aliniambia, "Nimerudi nyumbani." Na kweli, chini ya sheria yao ya mwaka 1950 Myahudi yeyote anaweza kuhamia na kupewa uraia. Kitu hicho kilimfurahisha na kikamkosesha usingizi. Aliniuliza usiku mmoja, "Mimi nimezaliwa Toronto na hapa ni kwetu. Mpalestina ambaye babu yake alizaliwa hapa na kukimbia mwaka 1948, yeye kwao ni wapi?" Sikuwa na jibu, na yeye hakuwa nalo. Lakini nilimheshimu kwa sababu aliipenda nchi ile huku macho yake yakiwa wazi. Aliijua sheria yake, vita vyake, madeni yake na dhambi zake. Sisi tunaipenda tukiwa tumefumba macho, na hatuna hata shamba kule.

Ndipo nikaanza kujiuliza kwetu ni wapi. Mfipa naye ana Nchi Takatifu yake, ingawa hatuifanyii hija. Wazee husimulia Milansi, kijiji cha kwanza, ambacho jina lake hubeba maana ya kijiji cha milele. Na katika nchi hiyo waliishi wakulima wenye akili. Hawakungoja semina. Walibuni intumba: mwishoni mwa masika, majani yangali mabichi, mkulima hukata udongo pamoja na nyasi, akaupindua na kuulundika kuwa vichuguu, nyasi zikaozea ndani. Juu yake hupanda maharage. Mvua za mwaka unaofuata zikija, vichuguu husambazwa na shamba hupandwa ulezi. Ni mbolea bila kiwanda, kwenye uwanda usio na miti mingi ya kuchoma. Niambie, mtu aliyebuni hilo alipungukiwa na ujuzi gani? Lakini nilisoma kilimo hadi stashahada bila kuandika jina la intumba katika daftari langu. La matone niliandika kurasa saba.

Na huo uvivu tunaosingiziwa uko wapi? Rukwa ni mmoja wa mikoa ya nyanda za juu kusini inayolisha nchi. Mwaka wa mavuno mazuri mahindi yanakosa pa kulala. Ni hapo ndipo mkulima anapoumia, wakati amefaulu. Mwezi Juni 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi. Bei ilianguka, na watu waliokuwa wamekopa mbolea kwa matumaini ya soko la ng'ambo ya mpaka walibaki wanatazama maghala yao. Hakuna tone la maji wala maombi ya mkesha ambayo yangeponya jeraha hilo. Lilikuwa jeraha la mezani, siyo la shambani.

Mtu asiniambie kwamba mambo ya ushirika ni ya Waisraeli na hatuyawezi. Chama cha KNCU kilianzishwa Kilimanjaro mwaka 1933, kabla taifa la Israeli halijatangazwa mwaka 1948. Tena tuliwahi kuwaita Waisraeli wenyewe waje. Miaka ya mwanzo ya uhuru walishauri vijiji vya makazi mapya kule Mwanza, na walisaidia kuanzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963. Mpango wa vijiji vile vya gharama ulisitishwa mwaka 1966. Oktoba 1973 tulivunja uhusiano kwa sababu ya vita, tukaurudisha mwaka 1995. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1976, sisi wenyewe, bila kushauriwa na mgeni yeyote, tulivifuta vyama vikuu vyetu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Vilirudi vikiwa na jina lilelile na nguvu pungufu. Kwa ufupi, tulijifunza gwaride tukaacha mizani. Leo tunapeleka vijana kutafuta kule kile tulichokivunja hapa.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa: "Huyu ameshakula, sasa anawafungia wenzake mlango." La hasha. Sitaki mlango ufungwe, nataka uandikwe mlango wa nini. Kama ni kazi, mkataba uwe wa kazi, uwe kwa Kiswahili, mzazi ausome, na uonyeshe kijiji kwenye ramani. Kama ni masomo, basi darasa liwe kubwa kuliko shamba, na kijana akirudi akute mahali pa kutumia alichosoma. Mimi niliporudi na cheti changu nilikwenda ofisi moja kuomba eneo la majaribio la robo ekari. Nilipongezwa sana. Nilipigwa picha nikiwa na cheti. Eneo sikupewa.

Nitaambiwa pia kwamba nadharau imani. Sidharau. Mama yangu husali rozari kila jioni, nami huitikia. Lakini siamini kwamba Mungu aliyewapa watu wa Arava milimita 50 amewapendelea kuliko sisi aliotupa 800. Mwenye kusema hivyo amemwondolea mwanadamu kazi yake: kutunga sheria nzuri ya maji, kusimamia mizani, kumlipa mtafiti, kumwadhibu anayeshona lumbesa. Hizo si kazi za malaika. Zina ofisi, na ofisi zina milango, na milango hiyo iko hapahapa mkoani.

Kwa hiyo, msemaji wetu akija tena na sentensi yake, nawaomba Wafipa wenzangu msiinamishe vichwa. Mwulizeni maswali matatu. Kule jangwani, nani hununua mahindi ya mkulima, na bei ataijua lini? Mizani ni ya nani? Na jani likikunjamana asubuhi, mtaalamu anafika saa ngapi? Akishayajibu ya kule, mwambieni ayajibu ya hapa. Akishindwa, mwacheni anywe maji yake aondoke, nasi turudi shambani, kwa maana masika hayangoji.