Roboti ya nyumbani na binti anayetupikia



Mwishoni mwa mwezi wa kumi 2025, kampuni moja yenye asili ya Norway, 1X, ilianza kupokea oda za roboti yenye umbo la mtu, jina lake NEO. Bei iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola 20,000, na nyumba za kwanza kuipata zilipangwa kuwa za Marekani. Inakunja nguo, inapanga vyombo, inafungua mlango. Vijana wetu hapa Goma wananitumia video zake kwenye WhatsApp na kuuliza: mashine hii inajuaje ianze na kazi ipi?

Sisi Wakongomani si wageni kabisa katika mambo haya. Mwaka 2013 Kinshasa iliwekewa roboti za barabarani, zilizobuniwa na injinia mama Thérèse Izay Kirongozi na chama chake Women's Technology. Zilitumia nguvu ya jua, ziligeuza kifua, ziliinua mkono na kuwasha taa nyekundu au kijani. Uamuzi wake ulikuwa mmoja tu: nani apite, nani asimame. Nyumba ni ngumu zaidi. Saa kumi na mbili jioni mtoto analia, chungu kinachemka, mtu anabisha hodi, nyanya anaomba maji, vyote kwa mara moja.

Kwa kawaida wabunifu hupanga ngazi: kwanza usalama wa watu, halafu amri ya mwenye nyumba, halafu kazi za ratiba. Isaac Asimov aliandika ngazi ya namna hiyo katika hadithi ya 1942, na hadithi zake nyingi zinaonyesha jinsi inavyokwama. Maana, amri ya nani? Baba akisema hivi na mama vile? Na huyo anayebisha hodi, ni mgeni wa kupewa kiti au ni hatari? Tangu Januari 2025 wengi wetu tunasikiliza sauti kwanza kabla ya kugusa mlango. Sijui ni mbunifu gani wa California atakayeandika hilo ndani ya programu.

Someni Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu anapewa amri iliyo wazi, lakini kabla ya kuondoka anauliza: na kama yule mwanamke atakataa kunifuata? Abrahamu hakasiriki. Anamweleza mpaka wa amri, na kwamba akikataliwa atakuwa huru na kiapo. Hapo pana ubunifu kuliko ngazi yoyote: mtumishi anaruhusiwa kuuliza amri inaishia wapi, na bwana anajibu kabla safari haijaanza.

NEO nayo ina mipaka. Ikishindwa kazi, mfanyakazi wa kampuni aliye mbali anaweza kuiongoza akiona kwa kamera, lakini kwa ruhusa ya mwenye nyumba, naye anaweza kukataza vyumba fulani. Tena kampuni ilisema kwamba kwa sasa haitashika kitu cha moto wala chenye makali. Na betri ikiisha, inapumzika.

Hapo ndipo niliposimama. Katika nyumba nyingi za Wakristo wa Goma kuna binti aliyetoka kijijini, Masisi au Rutshuru, mara nyingine hajafika miaka kumi na tano. Anawasha makala kabla hatujaamka, anakata sombe, anabeba bidoni ya lita 20, analala wa mwisho. Ngazi yake tumeiandika sisi, bila karatasi: amri ya kila mtu ndani ya nyumba iko juu yake, hata ya mtoto wetu wa miaka saba. Vyumba havina mipaka kwake, na wengine wetu tunajua maumivu yaliyotokea humo na kufichwa.

Na tusisahau kwamba koltani ya Rubaya, hapo Masisi, inaingia katika vifaa vya umeme duniani kote. Inawezekana kabisa mashine inayolindwa na moto imebeba kitu kilichochimbwa na kaka wa binti huyu.

Naomba vikundi vya wamama na wababa wachukue jioni moja, kila nyumba ijibu kwa wazi: binti wetu analala saa ngapi? Anaweza kukataa nini bila kufukuzwa? Nani ndani ya nyumba haruhusiwi kumwamuru? Jumapili anakuja ibadani, au anabaki na chungu? Na yeye mwenyewe awepo wakati wa kujibu.