Mweso: kucheka chakula cha mwenzako hakushibishi mtoto

Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini, watoto wa Mweso hukimbia na mabeseni. Wazazi wengine huwaita warudi nyumbani haraka. Wanaona haya: majirani watasema nini? Kwamba pale hakuna kitoweo, au kwamba ni watu wa porini. Haya hiyo inatugharimu, na wakati huu wa vita inatugharimu zaidi.

Mweso ni njia panda. Huku kuna milima ya Masisi, nchi ya maziwa, jibini, maharagi na viazi. Kule, kwa barabara ya Pinga, unashuka hadi misitu ya Walikale, ambako viwavi na mposé, wale funza wa michikichi, ni mboga ya heshima ambayo hata mgeni anapakuliwa. Vita vimewasukuma watu wa pande zote kwenye kambi zilezile na nyua zilezile. Hapo ndipo dhihaka inapoanza. Mtu anaitwa "mla wadudu", na kila mmoja anajua kwamba neno hilo halilengi sahani tu, linalenga kabila. Katika nchi iliyokwisha kuumizwa na maneno ya namna hiyo, tusilichukue kama mzaha.

Tena dhihaka hiyo haina msingi. Mwaka 2013, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, lilieleza kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani wana wadudu katika chakula chao cha kawaida. Viwavi waliokaushwa wana protini nyingi, pamoja na mafuta na madini ya chuma, vitu ambavyo mtoto anayeshinda na bugari na sombe peke yake anaweza kuvikosa. Uganda, senene huuzwa sokoni kwa bei nzuri. Umoja wa Ulaya wenyewe uliruhusu aina ya kwanza ya wadudu kuuzwa kama chakula mwaka 2021.

Wanaoleta sababu ya dini wafungue Biblia: Walawi 11:22 inaruhusu nzige, na Yohana Mbatizaji aliishi kwa nzige na asali ya mwitu. Waislamu nao wameruhusiwa nzige.

Hatusemi kila mtu alazimishwe kula. Asiyependa aache, bila kumtukana anayekula. Wala si kila mdudu analiwa. Nzige walipoingia Ituri mwaka 2020, wataalamu walionya kwamba waliopigwa dawa wasiliwe. Onyo hilo linahusu pia wadudu wa mashamba yetu yanayopulizwa dawa. Wapikwe vizuri, na mti usikatwe kwa ajili ya viwavi wa siku moja.

Na isiwe kisingizio kwa wakubwa. Kumbikumbi hawachukui nafasi ya amani, wala ya shamba ambalo mkulima ameshindwa kurudi kulivuna. Lakini wahudumu wa afya wanaofundisha akina mama juu ya utapiamlo wanaweza kuwataja wadudu hawa waziwazi, pamoja na maharagi na mayai. Wachungaji, mapadri na walimu wanaweza kukemea dhihaka.

Mvua ijayo, mzazi wa Mweso, mwache mtoto aende na beseni lake. Na jirani akipita, mkaribishe.